Mtu aliyeumia ndani ya ufa wa barafu: usianze kwa kuvuta

Msomaji ameuliza:

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni muongozaji Kilimanjaro, huu mwaka wa tisa. Mteja wangu wa zamani amenialika Uswisi mwezi wa nane. Tutashuka barafuto ya Aletsch, yaani ule mto wa barafu, kutoka Jungfraujoch hadi kibanda cha Konkordia, watu watatu kwenye kamba moja. Nimetazama video nyingi za kumvuta mtu aliyetumbukia kwenye ufa, lakini wote wanaovutwa humo ni wazima, tena wanacheka. Je, akiwa ameumia, kavunjika paja au hajitambui, mnamtoaje? Na mbona sisi huku hatufundishwi haya?"

Marahaba, mdogo wangu. Umegusa penyewe. Hao wanaocheka kwenye video ni wanafunzi waliotumbukizwa makusudi. Wana kamba ya pili ya akiba, na chai inawasubiri juu. Mtu aliyeumia ni habari nyingine kabisa, na swali la "tunamvutaje" kwake ni la nne au la tano. Wengi niliowafundisha huliweka la kwanza. Hata mimi nililiweka la kwanza, nitakusimulia.

Nianze na swali lako la mwisho kwa sababu jibu lake ni fupi. Barafu ya Kibo imegandamana na mwamba, haitembei kiasi cha kujipasua, na kilichobaki ni vipande vyenye kuta wima. Kati ya 1912 na 2007 eneo lake lilipungua kwa asilimia 85. Njia za kawaida zinapita pembeni mwake, hamkanyagi juu. Mgeni akizidiwa mnamshusha kwa machela ya gurudumu moja, kazi ya miguu na mabega ya wagumu, yaani wapagazi, kamba hazina nafasi hapo. Ukitaka nyufa za kweli upande wetu nenda Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo. Kule kwenye mlima Stanley, njia ya kilele cha Margherita chenye mita 5,109, watu hufunga meno ya chuma viatuni na kushikamana kwa kamba, na hawafanyi hivyo kwa mapambo.

Sasa Aletsch. Ndiyo barafuto ndefu kuliko zote za Alps, zaidi ya kilomita 20, na inatembea. Barafu ya chini, ikigandamizwa na uzito ulio juu yake, inajikunja taratibu kama udongo wa mfinyanzi. Ile ya juu ni ngumu na kavu, haijui kujikunja, kwa hiyo mahali bonde linapobadilika mteremko au linapopinda, inapasuka. Nyufa nyingi za Alps zinaishia kwenye kina cha mita 30 hivi, kwa sababu chini ya hapo uzito unazifunga. Maana yake ni kwamba ufa ni mpana juu na mwembamba chini, kama herufi V. Shika umbo hilo kichwani, tutalirudia, kwa sababu ndilo linaloua.

Sehemu ya juu mtakayoanzia, karibu na Jungfraujoch, nyufa zimefunikwa na theluji. Hayo ndiyo madaraja ya theluji. Alfajiri daraja limeganda na linakubeba. Saa nane mchana wa mwezi wa nane, daraja lilelile ni uji. Mkifika chini theluji inaisha, nyufa mnaziona kwa macho, na hatari inakuwa ya kuteleza zaidi kuliko ya kutumbukia. Kwa hiyo ondokeni mapema, na kule juu mwache mita 10 hivi za kamba kati ya mtu na mtu, ikiwa imenyooka. Kamba iliyolegea mkononi ni mita za ziada za kuanguka.

Haya, mwenzenu katumbukia. Ninyi wawili mmelala chini, visigino mmevichimbia kwenye theluji, kamba inawavuta viunoni. Nafsi yote inataka kukimbilia kwenye shimo. Msiende. Aliye karibu zaidi na shimo anabaki amelala na uzito wake. Wa nyuma ndiye anayejenga nanga. Kwenye theluji anachimba mfereji unaokingama na kamba, wa kina cha kufika gotini au zaidi, analaza shoka la barafu ndani, anachonga mfereji mwembamba wa kupitishia utepe unaounganisha shoka na kamba, kisha anafukia na kukanyagia. Kwenye barafu tupu ni skrubu mbili za barafu. Uzito unahamishiwa kwenye nanga pole pole. Neno hili kwenu Kilimanjaro ni la kutembea, huku utalitumia kwa mikono. Nanga ikishika, ndipo mmoja wenu, akiwa amefungwa kwenye kamba hiyohiyo na akichokoa theluji mbele yake kwa mpini wa shoka, anasogea hadi kwenye mdomo wa ufa. Hatua yenyewe ya kuokoa inaanzia hapo, nayo ni kusikiliza.

Nilipokuwa najifunza, mwalimu wetu, mzee mmoja wa Kiaustria asiyependa maneno mengi, alinipa zamu ya kumtoa mwenzangu aliyejitolea kushuka. Nikajenga nanga safi, nikafunga makapi yangu, yale magurudumu madogo ya kupitishia kamba, nikaanza kuvuta. Nilikuwa na nguvu, na makapi yalikuwa mazuri. Kamba ikagoma kidogo, nikaongeza. Mzee akaniwekea mkono begani, akanionyesha kwa kidole nilale nichungulie. Mwenzangu alikuwa amefika chini ya mdomo wa ufa, ile theluji inayotokeza kama upenuo wa nyumba, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umebanwa kati ya kamba na barafu. Alikuwa anapiga kelele muda wote. Theluji inameza sauti, sikusikia hata neno. Alikuwa mzima, akapona na mchubuko. Angekuwa na mbavu zilizovunjika, ningemmalizia mimi.

Ndiyo sababu nakwambia anza kwa kuuliza. Unaumwa wapi? Unapumua vizuri? Umening'inia, umesimama kwenye rafu ya theluji, au umebanwa? Miguu unaihisi? Anayejibu kwa sentensi nzima amekupa muda. Asiyejibu amekunyang'anya.

Mwenye fahamu anayening'inia, hata akiwa na mguu uliovunjika, mwambie ainue magoti na kuyachezesha, au akanyage ndani ya kitanzi cha kamba kwa mguu mzima, ili mkanda wa kupandia, ule unaofungwa kiunoni na mapajani, usimkabe. Mteremshie koti na kofia. Aliyezimia akining'inia wima kwenye mkanda ni hatari ya papo hapo: damu inatuama miguuni, kichwa kinaanguka na kufunga njia ya hewa, na anaweza kufa bila jeraha kubwa lolote. Huyu hasubiri helikopta. Mmoja wenu anashuka kwake kwa kamba nyingine au kwa ncha iliyobaki, anamfungia utepe kifuani ili akae wima, anafungua njia ya hewa, kisha majeruhi anatolewa au anashushwa kwenye rafu iliyo karibu, lipi la haraka. Akifika pa kulala, mlaze chali. Zamani tulifundishwa kumkalisha kwanza, ati damu ikirudi ghafla itamuua. Fundisho hilo limeachwa, usibishane na mtu kuhusu hilo ukiwa kwenye barafu.

Aliyebanwa ndiye mgumu kuliko wote. Rudi kwenye ile V. Mtu anaanguka hadi kuta zinapomshika kifua au nyonga. Mwili wake una joto, barafu inayomgusa inayeyuka kidogo, anateleza sentimita chache chini, anabanwa zaidi. Kila akitoa pumzi kifua kinasinyaa, na kuta hazimrudishii nafasi ile. Maji yaliyoyeyuka yanaingia kwenye nguo, yanaganda, na nguo zinashikana na ukuta. Ukimvuta kwa makapi kutoka juu unamvuta dhidi ya gundi. Kwa huyu kazi ya kwanza ni kumwekea kamba asiendelee kushuka, hata kama ni kitanzi kimoja tu kwenye mkanda wake. Ya pili ni kupiga simu. Waokoaji wa Zermatt na wenzao wa Alps hushuka na nyundo ndogo za hewa, patasi na shoka fupi, wakachonga barafu kumzunguka, nyakati nyingine mwokoaji mwenyewe akiwa kichwa chini miguu juu kwa sababu ndiyo namna pekee ya mikono kumfikia. Juu ya ufa wanasimamisha stendi ya miguu mitatu yenye winchi, ili kamba ishuke wima katikati bila kugusa mdomo.

Huo mdomo nao usiudharau. Kamba yenye uzito wa mtu inaingia kwenye theluji ya ukingoni kama uzi unaokata sabuni ya mche. Baada ya anguko unaweza kuikuta imezama nusu mita, na ukianza kuvuta unampeleka majeruhi moja kwa moja chini ya upenuo. Usitumie kamba hiyo kumtolea kama una nyingine. Teremsha kitanzi kipya pembeni, na chini yake laza mpini wa shoka au begi, ukiwa umevifunga visije vikamwangukia kichwani. Ule upenuo mnaweza kuubomoa, ila umbomolee mtu aliyeko pembeni, siyo aliyeko chini yake.

Kuhusu makapi yenyewe, ambayo ndiyo uliyataka, sina mengi. Kama umewahi kukaa Pangani ukaona mabaharia wakipandisha foromali ya jahazi, hesabu hii unaijua. Kamba inapanda hadi kwenye kapi, inarudi, inapanda tena, na kila inaporudi uzito unagawanyika. Mfumo wa kawaida wa kwenye barafu unagawa kwa tatu: kamba inatoka kwa majeruhi, inazunguka kwenye nanga, inarudi kwenye kapi lililoshikwa na fundo la Prusik, halafu inakuja mikononi mwako. Fundo hilo alilitangaza Mwaustria Karl Prusik mwaka 1931, na kazi yake ni kuuma kamba likibebeshwa uzito na kuachia likilegezwa. Kwenye karatasi, kilo 80 zinakuwa 27. Ukitumia karabina tupu, zile pete za chuma zenye mlango, bila makapi, msuguano unakula sehemu kubwa na unajikuta unavuta kama kilo 40, kabla ya kuhesabu kamba inavyokwaruza ukingoni. Ninyi ni wawili, mmesimama kwenye theluji inayoteleza, na hewa ya mita 3,000 na ushee. Mtaongeza kapi jingine ligawe kwa sita. Sawa, lakini sasa kwa kila mita moja anayopanda mnavuta mita sita, na jambo baya zaidi, mkono hausikii tena. Mfumo wenye nguvu hivyo unavunja mfupa wa mtu aliyekwama na wewe unahisi kama kamba imegoma kidogo tu. Ndiyo maana lazima mmoja awe ukingoni akimtazama majeruhi muda wote, na neno "simama" ni lake peke yake.

Sasa lile paja lako lililovunjika. Paja linaweza kuvujia ndani lita ya damu au zaidi bila tone kuonekana nje. Kumpandisha akiwa ananing'inia, mguu unayumba, mfupa unakata nyama, ni kumwongezea damu ya kupoteza. Ushauri wangu kwa watu wawili wasio na daktari: kama anaongea, anapumua, na hateremki zaidi, usimvute. Mmoja ashuke, aufunge mguu mbovu na ule mzima pamoja, amkague kama kuna damu ya nje na aibane, atie kitu kikavu kati ya mgongo wake na ukuta, amvike kila kilicho kikavu, ampe cha sukari kama anameza vizuri. Kisha msubiri. Timu itakuja na dawa ya maumivu kama ketamini, itamkaza mwili mzima ndipo imtoe. Najua kusubiri kunaonekana kama uzembe. Siyo. Ndani ya ufa joto ni kama sifuri, na kwa mtu aliyevishwa vizuri nusu saa ya baridi ina nafuu kuliko dakika tano za kukokotwa.

Baridi ina mtego wake. Anayetetemeka bado yuko vizuri, mwili unapigana. Kutetemeka kukikoma na nguo bado zimelowa, anaongea kama mlevi, joto la ndani limekaribia au limeshuka chini ya nyuzi 32, na kuanzia hapo moyo unakuwa kama yai. Mtikiso mmoja, kumgeuza kwa nguvu, kumvuta kwa mshtuko, na moyo unaweza kuacha kudunda na kuanza kutetema bila mpango. Kwa hiyo waokoaji humtoa akiwa amelala pale ufa unaporuhusu, au walau kamba moja kifuani na nyingine chini ya magoti ili akae kama kwenye kiti. Ufa ukiwa mwembamba mno anatoka wima, bora hivyo kuliko kumchelewesha.

Mwitaliano Renato Casarotto, Julai 1986, alikuwa anashuka peke yake kutoka mlima K2, karibu kabisa na kambi ya chini. Daraja la theluji likavunjika, akaanguka kama mita 40. Alikuwa na redio, akamwita mkewe aliyekuwa kambini. Wenzake wakawahi, wakashuka, wakamtoa akiwa hai. Akafa muda mfupi baada ya kufika juu, pale pale barafuni. Majeraha ya ndani yalikuwa makubwa, na huenda hakuna ambacho kingemwokoa. Ninapofundisha humtaja kwa sababu watu hudhani kazi imeisha kichwa cha majeruhi kikishatokeza. Dakika zinazofuata ni mbaya kuliko zilizotangulia: anasimamishwa, anapongezwa, anaambiwa atembee kidogo apate joto. Usimtembeze. Mlaze, mfunike, mwache.

Kinyume chake, usimzike mtu mapema. Anna Bågenholm, daktari kijana, mwaka 1999 alianguka akiteleza kwa skii karibu na Narvik, Norway, akanaswa kwenye kijito chini ya barafu kwa dakika 80. Joto lake lilipimwa nyuzi 13.7 na moyo ulikuwa umesimama. Hospitalini Tromsø walimpasha damu kwa mashine ya moyo na mapafu, akaishi, akarudi kwenye udaktari. Kwa hiyo mkimtoa mtu wa baridi kali, mpime pumzi na mapigo kwa dakika nzima, maana yanaweza kuwa ya mbali sana. Hayapo? Anza kubonyeza kifua, na usiache kwa sababu tu ni baridi na amekauka kama gogo. Mwongozo wa Ulaya wa 2021 unaruhusu, kwa mwenye joto chini ya nyuzi 28, kubonyeza dakika tano na kupumzika zisizozidi tano wakati mnamhamisha mahali pagumu. Ndani ya ufa, ruhusa hiyo ndiyo msaada wenyewe, kwa sababu huwezi kubonyeza kifua cha mtu anayening'inia. Ila aliyekatika mwilini, au ambaye kifua kimeganda hakibonyei, huyo mwachieni Mungu.

Umeuliza kuhusu wanaoumia, lakini jiulize pia kuhusu wewe kuwa ndiye uliyeko chini. Mwaka 1913 huko Antaktika, Douglas Mawson alikuwa peke yake, wenzake wawili wamekwisha kufa, mmoja wao akiwa amemezwa na ufa pamoja na mbwa na karibu chakula chote. Naye akatumbukia, akabaki ananing'inia kwenye kamba ya mita nne hivi iliyofungwa kwenye kijigari chake cha theluji. Kamba ilikuwa na mafundo. Akapanda fundo kwa fundo hadi ukingoni, ukingo ukamegeka, akaanguka tena hadi mwisho wa kamba, akapanda mara ya pili. Baadaye akajitengenezea ngazi ya kamba. Ninyi mkija kuwa wawili tu siku moja, pigeni mafundo makubwa kwenye kamba kati yenu. Yanazama kwenye theluji ya ukingoni na kumzuia anayeanguka, ingawa yatawasumbua wakati wa kuvuta.

Mambo madogo ya safari. Uswisi namba ya helikopta za Rega ni 1414, lakini Konkordia iko jimbo la Valais, na huko piga 144. Sema idadi ya watu, kina, anaongea au la, amebanwa au la. Hilo la mwisho linaamua kama watapakia nyundo na stendi. Simu isikae kwenye begi la mtu mmoja, kila mtu awe na yake kwenye mfuko wenye zipu kifuani. Helikopta ikija, simama umeinua mikono yote miwili kama herufi Y, maana yake tunahitaji msaada. Mkono mmoja juu na mmoja chini maana yake hapana, na nimeshaona mtu akiwapungia rubani kwa furaha kwa mkono mmoja. Funga kila kinachopeperuka, na ukae mbali na mdomo wa ufa, kwani upepo wa mapanga unaweza kubomoa ukingo uliokuwa umeutegemea.

Kuhusu mazoezi, huhitaji barafu. Tafuta mwembe wenye tawi imara, funga kamba, ning'inia na mkanda wako, upande kwa mafundo mawili ya Prusik hadi juu na ushuke. Ukishaweza, rudia ukiwa na glavu nene zilizolowa. Halafu rudia kwa mkono mmoja, mwingine umeufunga kifuani kama uliovunjika. Mara ya kwanza itakuchukua karibu saa nzima, na watoto wa jirani watakucheka sana.